PAA LINAVUJA, NA SISI TWACHEKA

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, baada ya swala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.



Mada niliyopewa ni adabu za mzaha. Mada hii tumeizoea. Mtu husimama akasema: msiseme uongo, msiwakere wenzenu. Watu wakaitikia, wakaondoka, na kabla ya kufika mlangoni mmoja ashamtania mwenziwe viatu vyake. Kwa hivyo leo nataka tuishushe chini mada hii. Tuiweke mahali ambapo wengi wetu tushawahi kukaa: chini ya bati bovu.

Nyinyi nyote mwayajua mazungumzo ya barazani asubuhi baada ya mvua. Kijana anapita, anaamkia:

"Shikamoo mzee. Jana kwako mvua ilinyesha?"

"Marahaba mwanangu. Nje ilinyesha saa moja. Ndani ilinyesha mpaka daku."

Watu wacheka. Jirani naye atia lake: "Lakini mzee, si uyabadilishe hayo mabati?"

"Yapi? Bati lilikwisha zamani. Hapo juu ni kutu tu imeshikana mikono. Ukiipangusa kutu, paa lote limeondoka."

"Basi si utie lami!"

"Lami nishatia mpaka paa limekuwa barabara. Limebakia kuwekwa matuta."

"Na maji ya mfereji wiki hii mwayapata?"

"Sisi hatuna shida. Nyinyi mwafungua mfereji, sisi twafungua dari."

Baraza zima lavunjika mbavu. Mzee mwenyewe ndiye anayecheka zaidi kuliko wote. Kisha kila mmoja anakwenda kazini kwake, mzee anaingia ndani, anaanika godoro.

Sasa nakuuliza wewe unayecheka: hapo pana makosa gani? Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyesema uongo wa kumdhuru mtu. Mzee amefurahi. Basi kosa liko wapi?

MTUME (S.A.W.) ALITANIA

Tuanze hapa, maana kuna vijana wanaodhani kwamba dini ni kukunja uso. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitania, na hakuwa akisema ila kweli. Wako waliopokea kwamba mtu mmoja alimwendea kumwomba mnyama wa kupanda. Akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule bwana akashangaa, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kwamba hakuna ngamia ila amezaliwa na ngamia jike. Hata yule mkubwa wa kubeba mizigo ni mtoto wa mamake!

Tazama vizuri mzaha ule. Kwanza ni kweli tupu. Pili, yule bwana alikuja na haja yake, na mzaha haukuifukuza haja yake. Alitaniwa kuhusu kile kile alichoahidiwa kupewa. Kicheko kilikuja pamoja na ngamia.

Hapo ndipo sisi tunapoachana na mwendo ule. Sisi twatoa kicheko, ngamia hatutoi. Barazani pale watu sita wamemtania mzee juu ya paa, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mzee, Jumamosi nitakuja na ngazi."

Na hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Mzaha juu ya paa la mwenzio ni halali yako maadamu una ngazi nyuma yake. Ukikosa ngazi, basi huo mzaha unafanya kazi moja tu: kulifunika tundu lisionekane.

MZAHA WA MWENYE PAA

Sikiliza ni nani aliyeanza kucheka. Mara nyingi ni mwenyewe. Nyanya anakupokea mlangoni: "Karibu mjukuu wangu, kaa pale, hapa ni pa sufuria." Unacheka. Anakwambia, "Mimi nyota naziona mchana, sihitaji kutoka nje." Unacheka tena, na jioni unawahadithia wenzako: nyanya yangu ana maneno yule!

Mpendwa, nyanya hakuwa akikuchekesha. Nyanya alikuwa akikuomba.

Wazee wetu wana haya. Mtu amelea watoto saba, amewaoza, amewasomesha, leo atasimama vipi mbele ya mjukuu aseme, "Nisaidie bati mbili"? Ulimi hauwezi. Basi anaivalisha haja yake nguo ya kicheko, aipitishe mbele yako, aone kama utaitambua. Ukiitambua, Alhamdulillah. Usipoitambua, heshima yake imebaki, maana alikuwa "akitania tu."

Kwa hivyo wewe kijana jifunze kusikia. Mtu akikutajia paa lake mara ya kwanza kwa mzaha, cheka naye, usimvunje. Akilitaja mara ya pili, inua macho utazame juu. Usingoje mara ya tatu.

MZAHA WA JIRANI

Wa pili ni mzaha wa majirani na wenzao madrasa. Huu nao una mipaka yake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anatukataza kudharauliana, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda anayechekwa akawa bora kuliko anayecheka. Na katika aya hiyo hiyo ametukataza kuitana majina mabaya ya kejeli.

Sasa angalia mitaani. Nyumba ikivuja miaka miwili hupewa jina. Itaitwa "Chujio." Mwanzo ni nyumba. Baadaye ni mtoto wa nyumba ile: "Yule Chujio yuwaja!" Mtoto wa miaka kumi na moja hana la kujibu, atacheka. Lakini kuanzia siku ile halete rafiki nyumbani. Mwalimu akisema tutasomea kwa kina fulani kwa zamu, yeye zamu yake huumwa na tumbo. Vitabu vyake vikiwa vimevimba kwa maji atasema vilianguka kisimani. Mzaha umemfundisha uongo mtoto ambaye hakuwa muongo.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Ndio huo.

MZAHA WA WARITHI

Sasa nafika penye moto, na mnisamehe. Mabati mengi yanayovuja mitaani kwetu si ya watu wasiokuwa na kitu. Ni ya nyumba za mirathi. Mzee alifariki, nyumba ikabaki, mama yumo ndani. Watoto wametawanyika: mmoja Nairobi, mmoja Malindi, mmoja yuko Ghuba, wawili hapa hapa mjini. Paa likianza kuvuja, maneno ni mengi kuliko mvua.

Wa Nairobi anasema, "Nyie mlio karibu ndio mnaojua." Walio karibu wanasema, "Aliyeko Ghuba ndiye mwenye pesa." Wa Ghuba anasema, "Tusipoteze pesa kwa viraka, tuliezue lote tuweke jipya, nitakuja mwakani tupange." Mwakani akija ni harusi. Na kila wakikutana kwenye simu, jambo lile lageuzwa kichekesho: "Mama, vipi bwawa lako la kuogelea?" Mama acheka. Wote wacheka. Mazungumzo yakwisha salama, hakuna aliyegombana, na hakuna aliyetoa.

Mwaona kazi ya mzaha hapo? Umekuwa ni njia ya kulitaja deni bila ya kulilipa.

Na kuna msemo mwengine hupenda kuja hapo, unavaa kilemba: "Dunia ni mapito, ya nini kuhangaika na bati?" Tena asemaye hivyo yeye kwake kumeezekwa vigae! Ndugu yangu, kuipa dunia mgongo ni kulala wewe kwenye maji. Kumlaza mama yako kwenye maji hakuna anayekuita mcha Mungu kwa hilo.

PAA LA MSIKITI WA MTUME (S.A.W.)

Huenda ukasema, Sheikh, mbona watuletea habari za mabati ndani ya Ramadhan? Nakujibu: paa linalovuja limo ndani ya hadithi ya Ramadhan yenyewe.

Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina nguzo zake zilikuwa magogo ya mtende, na paa lake makuti ya mtende. Sisi watu wa Pwani makuti twayajua, ingawa yetu ni ya mnazi. Abu Said Al-Khudri (R.A.) amesimulia, na Imam Bukhari ameipokea, kwamba katika kumi la mwisho la Ramadhan, usiku wa ishirini na moja, mvua ilinyesha na paa likavuja pale pale alipokuwa akiswali Mtume (S.A.W.). Alipomaliza swala ya alfajiri, uso wake ulikuwa na alama ya maji na tope. Alikuwa ameonyeshwa kwamba usiku wa Lailatul Qadr atasujudu juu ya maji na tope.

Basi usimdharau mtu kwa paa lake. Kiumbe bora kuliko wote amesujudu chini ya paa linalovuja, katika usiku bora kuliko yote.

Lakini hadithi haikomei hapo, na vijana wengi huiacha nusu. Wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) msikiti ule ulijengwa upya na kupanuliwa, ukaezekwa tena kwa makuti kama ulivyokuwa. Na agizo lake kwa aliyejenga limehifadhiwa: awakinge watu na mvua, wala asipake rangi nyekundu na manjano zikawashughulisha wanaoswali. Kisha Sayyidna Uthman (R.A.) akaja akabadilisha: kuta na nguzo za mawe ya kuchonga, na paa la mti wa msaji.

Mabishano yetu ya kiraka au bati jipya yana jibu hapo. Umar alirudishia makuti kwa makuti. Uthman alibadilisha kabisa. Wote wawili ni viongozi wema. Hakuna kati yao aliyekaa akasema, "Maadamu Mtume alisujudu kwenye tope, na tuliache livuje." Jambo la kwanza ni watu wasirowe. Rangi baadaye.

KIRAKA AU BATI JIPYA?

Basi tuzungumze kifundi kidogo. Mabati yetu ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikiisha, chuma hushikwa na kutu, na hewa ya chumvi ya baharini huharakisha jambo hilo. Ndio maana bati la Likoni halizeeki sawa na bati la Nyeri. Kutu hupenda kuanzia mahali pawili: kwenye matundu ya misumari, na pale bati moja linapolalia jingine, maji yakikaa hapo.

Wakati wa kulipima paa ni kiangazi. Ingia ndani saa sita mchana, funga madirisha, tazama juu. Zile "nyota" za nyanya ndiyo ramani yako. Chukua mkaa utie alama chini ya kila tundu. Ukingoja mvua, maji yatakudanganya, kwa sababu hupenyea hapa yakatambaa na mbao, yakadondokea kule.

Kama matundu ni ya misumari tu na bati lenyewe bado gumu, kiraka chatosha: toa msumari uliolegea, pigilia mwengine mnene zaidi wenye mpira wake, ziba kwa lami. Kama ukilisukuma bati kwa kidole linabonyea na kumeguka, usipoteze lami yako. Badilisha. Na kama mbao za chini zimeoza, anza na mbao. Bati jipya juu ya mbao mbovu ni kanzu mpya juu ya donda, nje wapendeza, ndani waoza.

Ukinunua, uliza geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Wengine hununua jepesi kwa urahisi wa bei, kisha wakashangaa limechakaa mapema.

Na vijana, tafadhali: usipande juu ya bati kuukuu ukiwa umefunga, jua la saa saba kichwani, ukasema ni jihadi. Panda asubuhi mapema, na si baada ya mvua, bati likiwa utelezi. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana ndipo penye mbao chini. Tazama nyaya za stima kwanza. Awepo mtu wa kushika ngazi. Kazi usiyoijua mwachie fundi, wewe bebea mabati. Thawabu ya kubeba ipo.

MUDA TULIONAO

Ramadhan husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ramadhan iliyoanza mwisho wa Desemba 1997 ilitukuta mvua za El Nino bado zinapiga. Ile ya 2024 iliangukia Machi na Aprili, na masika ya mwaka ule yakaleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya. Siku kama hizo ndipo nyumba inapojikuta sufuria zote zimekinga maji, na saa ya kupika futari hakuna la kutia mbaazi.

Miaka hii Ramadhan yaangukia Februari na Machi, wakati wa jua, kabla ya masika kuingia. Mwaka 2030 inatarajiwa kuja mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, na baada ya hapo itaingia ndani ya vuli. Mola ametupa nafasi ya jua. Wahenga washasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

TUFANYE NINI?

Nawapa mambo matatu, yachukueni nyumbani.

La kwanza, hesabu kwa bati, usihesabu kwa shilingi. Shilingi elfu fulani huwatisha watu, wakakimbilia mzaha. Lakini paa likihitaji mabati ishirini na warithi ni watano, kila mmoja ni mabati manne. Asiyeweza manne alete mawili na misumari. Asiyeweza kabisa alete mikono yake. Ukishasema "Yako ni manne," hakuna mzaha tena hapo. Mtu atasema ndiyo au atasema hapana.

La pili, jueni hukumu ya mali mnayotoa. Jirani fakiri au maskini, paa lake laweza kutazamwa kupitia zaka, kwa kumpa yeye mwenyewe akidhi haja yake. Kujenga msikiti kwa zaka, wanazuoni wengi hawakuruhusu. Huko peleka sadaka, nayo ni sadaka yenye kuendelea. Ama mama yako unayewajibika kumtunza, zaka yako si yake. Paa la mama si zaka. Ni haki yake juu yako. Mwenye suali zaidi amwone imamu wa msikiti wake.

La tatu, jumuiya ya vijana wa kila msikiti iwe na ngazi. Nasema ngazi kwa maana yake hasa, ya mbao au ya chuma. Na nyundo mbili, na mkebe wa lami. Mkimaliza darsa za kumi la mwanzo, pitieni nyumba za wajane na wazee. Msiulize, "Je, mwahitaji msaada?" Mtajibiwa, "Alhamdulillah, hatuna shida." Semeni, "Nyanya, tumekuja kutazama zile nyota zako." Atacheka, atafungua mlango. Hapo mzaha umefanya kazi yake ya halali: umempitisha fundi bila ya kuivunja haya ya mwenye nyumba.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hajakamilika imani anayeshiba na jirani yake ana njaa ubavuni pake. Nami nakuachia suali: na anayelala mkavu, huku asikia sufuria za jirani zikilia tone baada ya tone?

Ewe Mola wetu, tukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Tuteremshie mvua yenye manufaa, isiyokuwa na madhara. Wahifadhi wazee wetu majumbani mwao, na uwarehemu waliotutangulia waliotujengea tunamokaa. Zifanye ndimi zetu zisiwe nyepesi kuliko mikono yetu. Amin, ya Rabbal Alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.